Mtoto Asiyejibu

Sisi ni walimu wawili wa watoto wadogo, katika mji mmoja ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Watu wengine huiita kazi yetu kazi ya kulinda watoto tu. Hupita mlangoni asubuhi, huona watoto wakiimba na kuhesabu vizibo vya chupa, kisha hucheka na kusema: "Kumbe mwapata mshahara kwa michezo hii!" Hatuwakasirikii. Sisi wenyewe, miaka ile ya kwanza, hatukujua vema kazi yetu ni kazi gani. Aliyetufumbua macho ni mtoto mmoja wa miaka mitano, na hakutufundisha kwa maneno. Leo twataka kuwasimulia habari yake, maana ndani yake mna jambo linalowahusu wazazi wote.

Mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2017 tulipewa watoto 38. Chumba kimoja, madirisha mawili, mikeka, ubao, na mabenchi mafupi yaliyochongwa na baba mmoja wa parokia. Walikuwa watoto wa wavuvi, wa mafundi wa cherehani, wa mama wauzaji wa mihogo, wa askari na wa walimu. Wote walifundishwa neno moja, saa moja, na walimu wale wale. Lakini hawakulipokea namna moja.

Tuchukue mfano wa hesabu ya nne. Msichana mmoja aliishika kwa wimbo. Siku ya kwanza tu aliimba moja mpaka kumi, akarudi nyumbani akiimba, na kesho yake wadogo zake waliimba pia. Mtoto mwingine, mwana wa fundi, hakupenda kuimba kabisa. Alikaa chini na vizibo vyake, akavipanga, akavivunja, akavipanga tena, na alipovigusa mara nyingi ndipo alipotuambia: "Mama, hivi ni vinne." Wa tatu hakufanya lo lote siku tatu nzima. Alitazama wenzake tu. Tulifikiri amelala macho wazi, kumbe siku ya nne alifanya kazi yote bila kosa. Wa nne hakuweza kutulia; lakini tulipomwambia aruke mara nne, aliruka mara nne sawasawa, wala hakuzidisha. Wahenga walisema kweli: vidole vya mkono havilingani.

Na nyuma kabisa, karibu na ukuta, alikaa mtoto wa tano. Huyu hakuimba. Ukimwuliza, alikutazama na kutabasamu, bila kujibu. Ukimwita akiwa amekupa kisogo, hakuitika. Mara nyingine alifanya kinyume cha neno tulilosema: tulisema simameni, yeye akabaki ameketi mpaka alipoona wenzake wamesimama. Baba na mama yake walikuwa wametangulia kwenda kutafuta kazi mji mwingine, naye alilelewa na kambo yake, mama mzee mwuzaji wa ndagala sokoni.

Katika likizo ya Noeli tulikwenda katika mafunzo ya siku tatu ya walimu. Huko tulisikia fundisho lililotupendeza sana. Walituambia kwamba watoto ni wa aina tatu: wengine hujifunza kwa macho, wengine kwa masikio, wengine kwa mikono na mwili. Mwalimu mwenye busara, walisema, humjua kila mtoto ni wa aina gani, kisha humfundisha kwa njia yake tu. Tulirudi na furaha nyingi. Tulijiambia: Sasa tumepata ufunguo!

Basi tulinunua vitambaa vya rangi tatu. Tulivikata vipande vyembamba, na kila mtoto tulimfunga kimoja mkononi. Wa macho kitambaa chekundu, wa masikio cha buluu, wa mikono cha kijani. Tuligawa mikeka pia: wa macho walikaa karibu na ubao, wa masikio katikati, wa mikono kule nyuma pamoja na udongo wa mfinyanzi, vijiti na vizibo. Wazazi waliokuja kutazama walitusifu. Darasa lilionekana zuri kama bustani.

Mtoto asiyejibu tulimfunga kitambaa cha kijani. Tulisema: Huyu ni wa mikono, maneno hayamwingii. Na kweli mikono yake ilikuwa hodari. Alifinyanga mtumbwi wa udongo wenye wavuvi wawili ndani na wavu kando yao, hata tuliushangaa.

Lakini, wasomaji wapenzi, angalieni yaliyofuata. Kwa kuwa tulisema maneno hayamwingii, hatukumsemesha tena. Hadithi tuliwapa watoto wa masikio. Picha tuliwapa watoto wa macho. Yeye tulimpa udongo, tukapita. Kila siku udongo, nasi tulijisifu kwamba twamfundisha kwa njia yake. Kwa kweli tulikuwa tumemfungia mlango, na kitambaa cha kijani kilikuwa kufuli yake.

Wengine nao hawakupata faida tuliyoitazamia. Mwezi wa tatu tuliwajaribu. Watoto wa masikio waliimba mpaka ishirini kama maji yatiririkavyo. Tuliwaambia: "Tuleteeni vizibo vinne." Mmoja alileta saba, mwingine alileta kopo zima. Walijua wimbo, hawakujua hesabu. Watoto wa macho waliitambua namba nne ubaoni, lakini walipoulizwa ni ngapi ukiongeza moja, walinyamaza. Na watoto wa mikono walipanga vizuri, lakini hawakuweza kusimulia wamefanya nini, kwani maneno tuliwanyima. Tulikuwa tumekata fundisho moja vipande vitatu, na kila mtoto amekula kipande kimoja. Nani atashiba bugali bila sombe, au sombe bila bugali?

Hata hivyo hatukutubu upesi. Mwezi wa tano ulipofika, tulianza kuandika majina ya watoto watakaoingia mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Kwa jina la mtoto asiyejibu tulikubaliana kwamba hawezi. Tuliandika kwamba akili yake ni nzito, na kwamba ingefaa abaki nyumbani kwanza. Tulimwita kambo yake tumwambie.

Mama mzee alikuja na kikapu chake cha ndagala, akaketi kwenye benchi la watoto. Tulimwambia maneno yetu kwa upole. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha alituuliza: "Bamama walimu, mnamwita kwa mbele ao kwa nyuma?"

Hatukuelewa. Akasema tena: "Nyumbani anasema. Anasema sana, hata ananichokesha. Lakini ukimwita kwa nyuma, haitiki. Mimi ninamwendea mbele, ninashika kidevu chake, ninamwambia neno, naye anajibu. Tena, mto wake una harufu. Kila asubuhi naona maji ya sikio. Nilifikiri ninyi watu wa masomo mnajua hayo."

Hatukujua. Miezi minane tulikuwa naye, na hatukujua.

Tulimwita mtoto. Mmoja wetu alisimama mbele yake, mwingine akaenda nyuma, akapiga makofi. Hakugeuka. Alitaja chakula akipendacho kwa sauti ndogo. Hakugeuka. Aliyekuwa mbele alipotamka neno lile lile polepole, mtoto alitazama midomo yake, akacheka, akalirudia. Siku ile sisi wawili hatukutazamana machoni.

Kesho yake tulifuatana na kambo yake mpaka dispensari. Mwuguzi aliangalia masikio yote mawili kwa taa yake. Usaha ulikuwa mwingi, tena wa siku nyingi, na ngozi ya ndani ya sikio ilikuwa imetoboka. Alitueleza kwamba ugonjwa huu huwapata sana watoto wadogo. Mara nyingi huanza kwa mafua tu. Mafua yanaziba njia ndogo itokayo puani kwenda sikioni, uchafu unajaa ndani, unatoboa ngozi na kutoka nje. Mtoto akitunzwa mapema hupona. Akiachwa miezi na miaka, kusikia kwake hupungua, na mara nyingine hakurudi kamwe. Mwuguzi alimpa dawa ya kutonesha, akamfundisha kambo kusafisha na kukausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa. Alikataza mtoto asizame ziwani, wala watu wasitie mafuta au majani sikioni mwake.

Matunzo yalichukua majuma mengi. Sikio la kulia lilipona vizuri. La kushoto limebaki dhaifu. Hatuwezi kujua kama tungemleta miezi sita mbele lingekuwa namna gani. Neno hilo tunalo moyoni mpaka leo.

Karatasi ile tuliyoandika juu ya akili nzito tuliichana.

Baada ya hayo tulianza kutafuta: fundisho lile la aina tatu za watoto, je, lina ukweli gani? Tulisoma na kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mazungumzo ya njia mbalimbali za kujifunza yamekuwako siku nyingi. Mwaka 1992 bwana mmoja wa Nyuzilandi, jina lake Neil Fleming, pamoja na mwenzake Colleen Mills, walitoa orodha ya njia nne: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Fundisho hilo lilienea nchi nyingi, kwa maana linapendeza, tena lina nia njema. Lakini mwaka 2008 wataalamu wanne wa elimu ya akili kule Marekani, yaani Harold Pashler na wenzake, walikusanya uchunguzi uliokwisha kufanywa juu ya jambo hilo. Waliuliza swali moja: Je, mtoto anayeitwa wa macho hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa macho, na wa masikio kwa masikio? Waliona kwamba uchunguzi uliofanywa kwa utaratibu unaofaa ni mchache sana, na ule uliopo hautoi uthibitisho wa kutosha. Mtu aweza kupenda njia moja kuliko nyingine, hiyo ni kweli. Lakini kupenda si kujifunza. Mtoto apendaye sukari hatumlishi sukari tu.

Basi, je, watoto wote ni sawa? Hapana. Wanatofautiana sana, lakini si kwa namna ya vitambaa vyetu. Mmoja amekwisha kuhesabu ndagala pamoja na mama yake sokoni, mwingine hajapata kuhesabu kitu. Mmoja huelewa upesi, mwingine hutaka kurudiliwa mara kumi. Mmoja ana haya, mwingine ana njaa. Mmoja haoni vema, mwingine hasikii. Na wengine wanakuja hawajui lugha ya darasa. Katika mji wetu mtoto aweza kusema Kitabwa, Kibembe au Kiluba nyumbani, akacheza kwa Kiswahili njiani, kisha akasalimiwa kwa Kifaransa mlangoni mwa shule. Akinyamaza, twasema hana akili, kumbe hana neno tu. Kwa ajili hiyo sheria ya mafundisho ya nchi yetu, ya tarehe 11 Februari 2014, inataka lugha za taifa au lugha za mahali zitumike kufundishia watoto wadogo.

Tulisoma pia juu ya watu wawili wa zamani ambao majina yao hutajwa kila mahali panapofundishwa watoto. Wa kwanza ni Maria Montessori wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1870. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba yake ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Wa pili ni Ovide Decroly wa Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1871, akaanzisha shule yake mjini Brussels mwaka ule ule wa 1907. Jambo lililotugusa ni hili: wote wawili walikuwa waganga. Na wote wawili, kabla ya kufungua shule hizo, walitumika na watoto ambao watu walisema hawafundishiki. Mganga, mtoto akiletwa kwake, haulizi kwanza huyu ni wa aina gani. Humtazama. Huangalia macho yake, masikio yake, ulaji wake, usingizi wake.

Montessori aliwapa watoto herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa. Mtoto alipitisha kidole juu ya herufi, akaitazama, akaisikia ikitamkwa, akaitamka mwenyewe. Tazameni: mkono, jicho, sikio na mdomo vimekutana katika herufi moja, kwa mtoto yule yule. Decroly naye alianzia katika mahitaji ya mtoto mwenyewe: kula, kujikinga na baridi na mvua, kujilinda na hatari, kutumika pamoja na wenzake. Hawakugawa watoto katika vyumba vya macho na vyumba vya masikio. Kila fundisho walilipa milango mingi, na kila mtoto aliweza kuingia kwa wote.

Ndivyo tufanyavyo sasa. Tukifundisha nne, twaanza na soko. Mtoto mmoja anakuwa mwuzaji, na ndagala za karatasi zimo mbele yake. Anafanya mafungu ya nne nne kwa mikono yake. Anayataja kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Mnunuzi anahesabu tena, maana mnunuzi asiyehesabu huibiwa. Kisha wote wanaruka mara nne. Kisha wanatazama namba ubaoni na kuiandika mchangani kwa kidole. Mwisho mmoja anasimama na kutuambia walichofanya. Mtoto aimbaye anapata pia kugusa, agusaye anapata pia kusema, na yule atazamaye tu twamwacha atazame siku mbili tatu, tukijua zamu yake itafika.

Tena, kila mwanzo wa mwaka, kabla ya kufundisha cho chote, twawajaribu watoto wote mmoja mmoja. Twasimama nyuma yao na kutaja jina la kitu kwa sauti ndogo, upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Twawaonyesha picha ndogo kutoka mbali, wafunike jicho moja, kisha jingine. Haigharimu faranga hata moja. Anayeshindwa twamwambia mzazi wake siku ile ile, tukamsihi ampeleke kwa mganga, naye twamweka mbele.

Sasa twasema nanyi, wazazi wapenzi, maana mtoto ni wenu kabla hajawa wetu.

Kwanza, mkiona mtoto haitiki, msimpige kwa ukaidi kabla hamjajua kama anasikia. Watoto wengi wamechapwa kwa kosa la masikio yao.

Pili, sikio litoalo maji si jambo dogo, wala si la kungoja likome lenyewe. Mpelekeni dispensari.

Tatu, msilinganishe watoto wenu mbele yao, mkisema: "Tazama dada yako, yeye alijua haya alipokuwa na miaka minne." Maneno hayo hayaongezi akili, huongeza uchungu tu.

Nne, msiwape watoto jina. Huyu ni mvivu, huyu ni mjinga, huyu ni wa mikono tu. Hata jina zuri laweza kuwa kamba. Tuliyofanya kwa kitambaa, wengi hufanya kwa ulimi.

Tano, njooni mtuambie mnayoyajua. Walimu wana vitabu, lakini mama na kambo wana siku na usiku. Kama yule mama mzee angetuogopa siku ile kwa sababu hakusoma, mjukuu wake angebaki nyumbani, nasi tungeendelea kujisifu.

Yule mtoto aliingia mwaka wa kwanza mnamo Septemba 2018, pamoja na wenzake. Tulimwomba mwalimu wake amweke benchi la kwanza, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio lake la kulia limwelekee. Hakuwa wa kwanza katika darasa, wala hakuwa wa mwisho. Alisoma polepole, akauliza sana. Akipita kwetu baada ya masomo, alisimama mlangoni na kutusalimu kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wafanyavyo watu wasiosikia vema, na watoto wetu wadogo walicheka. Sisi hatukucheka. Tulifurahi kuisikia sauti ile.

Vitambaa vya rangi hatukuvitupa. Tumevifungia vijiti vya kuhesabia, kumi kumi katika kila fungu. Kila asubuhi tukivifungua twakumbuka, kisha twahesabu watoto waliofika, na kumtazama kila mmoja usoni.